Aliyeshuka Stoo

Majirani walianza kuingia kabla ya taarifa ya habari kwisha, wengine na vigoda vyao mkononi, na Fundi Friji akawa anawapokea mlangoni mmoja mmoja kama anayepokea watu msibani. Kuwazuia hakuweza. Tangu msimu uanze walikuwa wakitazama tamthilia ya *Nyumba ya Hakimu* sebuleni kwake, kwa sababu humo ndimo alimoishi Yaya mwenyewe, mke wa Fundi, na kwenda kuitazama kwingine ingekuwa kama kumvunjia heshima. Jioni hiyo ilikuwa sehemu ya mwisho. Angewafungia mlango, kesho yake mtaa mzima ungeuliza kulikoni.

"Na mwenyewe hajarudi tu?" aliuliza Mama Duka, huku akijitafutia nafasi kwenye kochi.

"Bado yuko kwa dada yake," Fundi alijibu.

"Wamemficha huyo. Hawataki tumwone usoni tukajua mwisho."

"Ndivyo walivyo," alidakia Bibi, mama yake Fundi, akawahi kuongeza sauti ya televisheni.

Nyuma ya pazia la chumba cha pili, karibu kabisa na walipoketi, mke wa Fundi alikuwa amelala chali juu ya godoro lililowekewa ubao chini. Hakuwa kwa dada yake. Hakuwa ametoka ndani ya chumba kile tangu siku walipomleta wamembeba kwenye shuka. Alikuwa ameing'ata kona ya mto, maana kikohozi kimoja tu kingetosha kumfanya mumewe aonekane mwongo mbele ya watu.

Meneja wa tamthilia ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alikuja siku ya pili ya ajali, akaketi ukingoni mwa kitanda na kusema kwa upole kwamba mashabiki wakijua Yaya ameumia, siri yote ya sehemu ya mwisho itakuwa imevuja. Watulie mpaka irushwe hewani, nao hawatamtupa mtu wao. Kuhusu ajali yenyewe alisema kazi ya siku ile ilikuwa imekwisha. Huyu dada alikuwa anatoka zake, akateleza ngazini. Mke alikuwa amelala palepale akisikia, akaitikia kwa kichwa. Fundi akayameza kama yalivyo.

Sebuleni wakanyamaza. Kwenye kioo, Yaya alikuwa amesimama jikoni mwa nyumba ya marehemu Hakimu, na fungu la funguo kiunoni. Kikohozi cha mwanamume kikasikika kutoka chini ya sakafu. Yaya akawasha chemli, akafungua mlango wa stoo, akaanza kushuka. Kamera ilimfuata kwa nyuma. Ngazi moja, nyingine, halafu mwanga ukayumba, chemli ikaanguka na kuzimika, na gizani kikasikika kishindo, kisha ukelele. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

Fundi alikuwa amesimama kando ya mlango. Ukelele ule aliwahi kuusikia mara moja tu maishani, akiwa nje ya chumba cha kujifungulia, siku binti yao alipozaliwa. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba haukuwa wa kuigiza.

Watu walishusha pumzi, wakaanza kusema wote kwa pamoja. Kinyozi wa kona alisema ameuona mkono, mkono wa mwanamke wenye bangili, ukimsukuma Yaya begani. Mama Duka akasema bangili gani, kile kilikuwa kivuli cha chemli. La kujiuliza ni nani aliyekohoa, kwa sababu yeye tangu mwanzo hajaamini kwamba Hakimu amekufa. Maiti yake nani aliiona? Jeneza lilizikwa limefungwa.

"Kwa hiyo Hakimu anaishi stoo?"

"Na mkewe, Bi Mkubwa, ndiye anayempelekea chakula. Ndiyo maana sufuria zilikuwa zinapotea. Hamkumbuki zile sufuria?"

"Haya, na Yaya kafa au hajafa?"

Wote wakamgeukia binti wa nyumba ile, aliyekuwa ameketi sakafuni na simu mapajani. Alikuwa msichana wa sekondari, na katika kundi la mashabiki kwenye simu hakuna aliyekuwa na maneno mengi kama yeye. Jioni hiyo alikuwa hajaandika kitu.

"Wewe binti, mama yako kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

"Mtoto kala yamini huyo. Ila lile yowe jamani, mwanamke yule anajua kazi yake." Kinyozi akakaza koo, akajaribu kuuiga ukelele. Wenzake wakacheka. Mmoja akamwambia hapana, wa Yaya ulianzia chini ukapanda, akauiga yeye. Mwingine naye akajaribu.

Fundi alipita katikati yao, akafunua pazia, akaingia ndani na kuliachia nyuma yake.

"Ulisema ulikuwa unatoka kazini," alinong'ona.

"Nilisema alivyosema yeye."

"Kwa nini?"

"Ungekwenda kumpiga mtu, ukafungwa. Halafu nani angenigeuza kitandani?"

Fundi alijua ni kweli angekwenda. Alichuchumaa, akamfuta jasho kwa kiganja. Sebuleni mtu wa nne alikuwa anaujaribu ukelele.

"Na ile picha?"

"Waliniambia wataifuta. Watatafuta mtu mwingine, wamchukue kwa nyuma, warudie." Akafumba macho. "Waambie waende, baba. Sitaki kuwasikia."

Lakini hakuna aliyeondoka upesi. Bibi ndiye aliyewatoa hatimaye, kwa kuanza kufagia miguuni mwao.

* * *

Ahadi ya Meneja ilikuwa ni kwamba sehemu ya mwisho ikisharushwa, gari litakuja kumchukua mgonjwa limpeleke kwa daktari wa mifupa. Gari halikuja. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, na baadaye ikawa haiiti kabisa. Mgonjwa akaanza kutetemeka kwa homa. Bibi alipomgeuza ili ambadilishe shuka, alikuta kidonda kiunoni ambacho mgonjwa mwenyewe hakuwa na habari nacho, kwa kuwa upande ule alikuwa hahisi kitu.

"Mpeleke hospitali leo," Bibi alimwambia mwanawe. "Hayo mambo ya siri wakamwekee mama yao."

Fundi alitoka kwenda kutafuta watu wa kumsaidia kubeba. Aliwakuta barazani kwa Mama Duka, na mazungumzo yalikuwa yaleyale: bangili, kikohozi, sufuria. Akawaambia mke wake yuko ndani, ameumia mgongo, anaomba mikono.

Kinyozi alimtazama kwa jicho la kijanja. "Kwa dada yake karudi lini?"

"Hakwenda."

"Aaa. Na mgongo kauvunjia wapi?"

"Kwenye ngazi zile mlizoziona."

Watu wakatazamana, kisha wakacheka, si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanaosimuliwa utani na mtani wao. Mama Duka akampiga begani. "Fundi na wewe wamekupa kipande cha kuigiza? Hongera. Twende tukamwone Yaya wetu."

Waliingia kumi kwa pamoja. Kusema kweli walisaidia: waliubeba ubao na godoro lake kwa uangalifu, wakaupitisha mlangoni bila kuugonga. Ila kila mwenye mkono mmoja mtupu alikuwa na simu katika huo mmoja. Nje mtu alisema, "Nilisema yu hai," na mwingine akamdai soda aliyokuwa amewekeana naye dau. Mgonjwa akaomba afunikwe uso. Binti akamfunika kwa shuka, na hapo minong'ono ikaanza upya, kwamba mbona amefunikwa, huenda ndiyo alama yenyewe kwamba msimu ujao ni maiti.

"Sasa mama," Kinyozi alimwinamia Bibi wakati gari linatafutiwa nafasi ya kugeuza, "wewe ni mtu mzima, huwezi kutuficha. Nani alikuwa kule stoo?"

Bibi alimtazama mpaka akajirudisha nyuma mwenyewe. "Baba," alisema, "shika ubao huo vizuri. Unaelemea upande."

* * *

Wodini nesi wa zamu alimtambua mgonjwa mara tu alipomfunua. Alifurahi waziwazi, akamwandalia kitanda cha dirishani, akawa mwepesi kumjia kuliko wagonjwa wengine. Alipokuwa anamtafutia mshipa wa kuwekea dripu, aliinama karibu na sikio lake.

"Nidokeze kidogo tu, dada. Mimi si msemaji. Baada ya pale ulipata nini?"

"Nilivunjika mgongo."

"La, siulizi hivyo. Nauliza kwenye tamthilia."

"Kwenye tamthilia."

Nesi akatabasamu, tabasamu likaganda. Akaifungua kadi na kuisoma tena, polepole, na kidole chini ya maandishi. Toka hapo hakumwita Yaya tena, wala hakumuuliza chochote. Lakini pia hakuweza kumtazama machoni, na mgonjwa akajikuta anautamani ule uchangamfu wa kwanza.

Daktari alimwita Fundi nje. Alikuwa mzee aliyechoka, na hakuzungusha maneno. Mfupa ulikuwa umeubana uti wa mgongo. Angeletwa mapema pengine wangejaribu. Sasa kazi ni kuzuia vidonda, kumfundisha kukaa, na baadaye kiti cha magurudumu.

"Kwa nini mlikaa naye nyumbani muda wote huo?" aliuliza.

Fundi alifungua mdomo. Kila jibu alilolifikiria lilimfanya aonekane ama mpumbavu ama mtu mwenye tamaa. "Tulikuwa tunasubiri," alisema.

"Mlikuwa mnasubiri nini?"

"Sehemu ya mwisho."

Daktari akadhani hakusikia vizuri, wala hakurudia swali.

* * *

Picha za Yaya juu ya ubao zilikuwa zimekwisha zagaa, na ndizo zilizomleta Meneja. Aliingia wodini na chupa ya juisi, akaiweka kwenye kabati dogo, na maneno yake ya kwanza hayakuwa ya kumjulia mtu hali.

"Shemeji, si tulikubaliana?" alimwambia Fundi. "Mmeniangusha. Kule ofisini nimetukanwa matusi yote."

"Mimi si shemeji yako."

"Sawa, kaka." Akavuta kiti. "Lakini kila jambo lina upande wake mzuri. Picha zimewapandisha watu wazimu. Hawalali wanabishana: kasukumwa, hakusukumwa, Hakimu yu hai, hayu hai. Msimu wa pili walitaka kuuanza kwa kesi mahakamani. Sasa wanasema hapana, tuuanze na Yaya." Akamgeukia mgonjwa. "Kitandani, dada. Hivi hivi ulivyo. Bi Mkubwa anakuja kukutazama, unafumbua macho, unamwambia, wewe ndiye uliyenisukuma. Sentensi moja tu. Dawa, kiti, kila kitu juu yetu. Mwongozaji mwenyewe kasema."

"Toka," alisema Fundi.

"Sizungumzi na wewe, kaka. Nazungumza na mwenye kazi."

Mgonjwa alikuwa anautazama mkono wake uliochomwa dripu. Kazi ile ilimwangukia tu. Alikuwa msusi aliyeitwa kusuka nywele za waigizaji, na siku moja aliyepangiwa kuwa mtumishi hakutokea, wakamvisha yeye aproni. Alikuwa ameipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

"Nitafanya," alisema.

Meneja alipoondoka Fundi alisimama dirishani, akampa mgongo mkewe. "Watakuuza mara ya pili."

"Na nikikataa? Utauza nini, baba? Vifaa vyako? Halafu friji utazitengeneza kwa meno? Mimi miguu imeshakwenda. Acha nifanye kinachobaki."

* * *

Watu wa tamthilia walikuja nyumbani baada ya mgonjwa kuruhusiwa, na taa zao, nyaya zao, na mwanamke aliyeigiza Bi Mkubwa, ambaye alimkumbatia mgonjwa na kulia kwa dhati mpaka ikabidi apakwe poda upya. Walikitoa kitanda cha mbao wakaingiza cha chuma, ili paonekane kama hospitalini. Pazia likang'olewa. Mtaa mzima ulikuwa umekusanyika nje, na Mama Duka alikuwa amewekwa mlangoni awazuie watu, kazi aliyoifanya kwa fahari. Binti aliruhusiwa kusimama nyuma ya kamera, na simu yake mkononi.

Mwongozaji alikuwa kijana mpole mwenye kofia. Aliomba radhi kwa yaliyotokea, kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku. Kisha akasema waanze.

Bi Mkubwa aliinama juu ya kitanda. Mgonjwa akafumbua macho. "Wewe ndiye uliyenisukuma," alisema, kisha akapiga ukelele, kama walivyomwelekeza.

"Simamisha." Mwongozaji akakuna kidevu. "Maneno yako sawa. Ukelele bado. Tujaribu tena."

Wakajaribu tena. Wakajaribu na taa ya upande mmoja imezimwa.

"Samahani, mama," alisema Mwongozaji. "Hauna ukweli. Watu wanaukumbuka ule wa kwanza, huu hawatauamini. Hebu irudie siku ile kichwani. Ulikuwa unaona nini, unahisi nini. Chukua muda wako."

Bibi, aliyekuwa amekaa kona na vitambaa vya kumfutia mgonjwa, aliinuka, akakaa tena. Mgonjwa akafumba macho, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutii kazini, akafanya alichoambiwa. Akairudia siku ile.

Kamera ikawashwa. Bi Mkubwa akainama. Mgonjwa akafumbua macho, lakini hakumtazama yeye. Aliitazama kamera.

"Hakuna aliyenisukuma," alisema. "Ngazi ilikuwa mbovu na hakukuwa na pa kushika. Niliwaambia asubuhi. Mkasema nishuke hivyo hivyo, giza linakuja."

"Simamisha. Mama, siyo hayo."

"Hakukuwa na pa kushika."

"Tunarudia. Tayari?"

Walirudia. Akasema yaleyale, kwa sauti ileile, bila kulia. Mara ya tatu Bi Mkubwa alivua wigi lake, akatoka nje. Mwongozaji akavua kofia, akaivaa tena, akaagiza taa zizimwe.

"Umejiharibia mwenyewe, dada," Meneja alisema wakati nyaya zinakunjwa. "Mimi nilikupigania."

"Chukua na juisi yako," Bibi alimwambia. Chupa ilikuwa haijafunguliwa.

Walipakia kitanda chao cha chuma, na mgonjwa akabaki sakafuni juu ya godoro mpaka Fundi na Kinyozi walipokiunga upya kile cha mbao. Kinyozi alipomaliza kugongelea msumari wa mwisho alisimama mlangoni kama mwenye jambo, kisha akaaga tu.

Siku chache baadaye ilitangazwa kwamba Yaya atachezwa na mtu mwingine. Kutoka ofisini hawakusikia tena habari yoyote. Fundi alianza kuuza vitu vya nyumbani kimoja kimoja. Televisheni ndiyo iliyotangulia.

* * *

Jioni moja binti alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amefanya jambo bila kumwomba mtu ruhusa. Kipande alichokichukua kwa simu siku ile, cha mama yake akiitazama kamera, alikiweka kwenye kundi la mashabiki, na chini yake akaandika: *Huyu ni mama yangu. Hii si tamthilia. Aliumia kazini na hatembei.*

"Baba kanieleza," mama alisema. "Sijakasirika. Watu wamekiona?"

"Wengi."

Walikuwa wengi kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Binti alikuwa anashusha kwa kidole, na maneno yalikuwa yanapanda kama maji. *Hakukuwa na pa kushika: maana yake wosia haupo, Bi Mkubwa kauchoma.* Mwingine alisema si hivyo, pa kushika ni mtoto, Yaya ndiye mama halisi wa kijana wa Hakimu na hana ushahidi. *Sikilizeni anavyosema giza linakuja. Giza ni jina la mtu.* Mmoja alikuwa amesimamisha picha na kuchora duara jekundu ukutani, nyuma ya kichwa cha mama yake, penye kivuli cha Bibi. *Nani huyu kwenye kona? Hakimu?* Na chini yake watu walikuwa wanashangilia ugunduzi ule. Waliomsifu binti nao hawakuwa haba, kwamba tangazo la msimu wa pili halijawahi kutokea zuri kama lile, na kwamba mama yake ni mwigizaji asiye na mfano.

Aliendelea kushusha. Alikuwa anatafuta neno moja tu, na hakuliona. Akarudi juu, akaanza kutafuta upya, taratibu zaidi, asije akawa amelipita.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

Binti alimtazama. Uso wa mama ulikuwa umekonda, nywele zake, za mwanamke aliyesuka nywele za wenzake, zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa tu. Alikuwa anasubiri jibu, akijitia kutazama dari.

"Wanasema pole, mama."

"Wote?"

"Karibu wote."

Mama akaitikia kwa kichwa juu ya mto, polepole, kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Machozi ambayo hayakutoka mbele ya kamera yakamtoka, yakaingia masikioni, na binti akayafuta kwa upindo wa shuka.

"Na mimi nilidhani hawataamini," mama alisema. "Waandikie. Waambie nashukuru."

Binti akaandika neno hilo moja, akalituma, akaizima simu kabla hawajaanza kulijibu.